Nani Hulipa Gharama ya Habari ya Kweli?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo ambalo wengi wetu hatulijali: habari hutengenezwaje, hugharimu nini, na nani huulizwa ikiwa si ya kweli. Sisi wa shule ya kutwa tuna sababu ya kulijua. Simu haziruhusiwi hapa shuleni, lakini kila jioni tunarudi nyumbani, na kila asubuhi tunaingia langoni tumebeba yote yaliyosemwa mtandaoni usiku. Ubishi wa saa nne huanza hivi: "Nimeiona kwa simu ya mama." Ukiuliza imeandikwa na nani, unachekwa. Ati kwani wewe ni wakili?

Hebu nianze na mbolea, kwa maana hapa Trans Nzoia karo ya wengi wetu hutoka kwenye mahindi.

Mnamo 2024, msimu wa kupanda ulipowadia, shirika la wanahabari liitwalo Africa Uncensored lilitoa taarifa ya uchunguzi kuhusu mbolea ya bei nafuu. Shirika hili lilianzishwa mwaka wa 2015 na John-Allan Namu na wenzake. Taarifa ilionyesha kuwa baadhi ya mifuko waliyouziwa wakulima haikuwa mbolea ya kweli. Serikali kwanza ilikana. Baadaye uuzaji wa aina zilizoshukiwa ulisimamishwa, wakulima walioinunua wakaahidiwa fidia, na mwezi wa Mei Bunge la Taifa likajadili hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo. Kamati teule ilisema madai dhidi yake hayakuthibitishwa, naye akaponea. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshaanikwa juani, na aliyetaka kulifunika alikuwa amechelewa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kwetu kijijini. Habari hiyo ilipofika kwenye vikundi vya WhatsApp ilikuwa imeota pembe na mkia. Ujumbe mmoja ulisema mbolea yote ya mwaka huo ni mchanga mtupu. Mwingine ulisema ng'ombe akila majani ya mahindi yale atakufa. Wa tatu ulitaja rangi ya mfuko wa kuepukwa, na wa nne ukataja rangi nyingine. Babu yangu alikuwa amekwisha kuweka mifuko yake ghalani na shamba lilikuwa limeshapigwa haro. Alimwaga mbolea kidogo juu ya gunia, akaisugua kwa vidole, akainusa, akaridhika nusu. Kisha akaniuliza, "Wewe msomi, ni mfuko upi waliosema? Umeuzwa na nani? Umepimwa wapi?" Nilimsomea jumbe zote zilizokuwa kwenye simu. Hakuna hata mmoja uliojibu maswali hayo matatu. Tulipoitafuta taarifa yenyewe ya wachunguzi, ndipo alipopata la kushika. Babu akapanda. Jirani yetu mmoja, ambaye aliziamini zile jumbe, aliamua kupanda bila mbolea yoyote. Mwezi wa Julai mahindi yake yalikuwa ya manjano na yamemfika magotini. Hakuna wa kumshtaki, maana aliyeandika ule ujumbe hana jina, na aliyeuleta kikundini anasema naye aliletewa.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima yote kwa wahenga, wao hawakuwa na simu. Siku hizi lisemwalo huenda halipo, haliji, na bado limeshamharibia mtu msimu.

Tofauti ya taarifa ile na jumbe zile si kwamba moja imeandikwa na watu waliosoma na nyingine na wajinga. Tofauti ni kwamba moja ina mahali pa kuulizwa. Kama wale wachunguzi wangesema uongo, aliyesingiziwa angewapeleka mahakamani au kwa Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo lipo kwa sheria ya 2013 na lina tume ya kusikiliza malalamiko ya raia. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 35, humpa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli inayomhusu isahihishwe au ifutwe. Sasa hebu jaribu kuidai haki hiyo kwa ujumbe ulioandikwa juu yake tu kwamba umesambazwa mara nyingi. Utaanzia wapi?

Kuwa na mahali pa kuulizwa ni gharama. Ujumbe wa WhatsApp hugharimu bando ya shilingi ishirini. Uchunguzi hugharimu gari, mafuta, kamera, wiki nyingi za kungoja mtu anayeogopa kusema, mhariri wa kusoma na kurudisha kazi irekebishwe, na wakili wa kuipitia kabla haijatoka. Zaidi ya hayo wachunguzi wanaweza kuhangaika miezi miwili na mwishowe wasipate chochote cha kuandika, na bado wamekula, wamelala, na watoto wao wamelipiwa karo. Mkono mtupu haulambwi. Basi nani hulipa?

Gazeti la zamani lilikuwa na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa msomaji, na wa pili ni wa mwenye tangazo. Alibhai Mulla Jeevanjee alipoanzisha African Standard kule Mombasa mwaka wa 1902, alikuwa mfanyabiashara, na magazeti yetu tangu siku zile yameishi na biashara. Taifa Leo, ambalo twalisoma hapa maktabani, lilianza 1958 kama gazeti la kila wiki likiitwa Taifa. Fungua gazeti lolote la zamani la baba yako, kama hajalifungia nyama, uhesabu kurasa. Utaona nafasi za kazi, zabuni, ploti zinazouzwa, na matangazo ya vifo yenye picha na orodha ya wajukuu wote hadi walio ng'ambo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pesa za gazeti ilitoka huko wala si kwenye bei aliyolipa msomaji. Kwa hivyo marehemu wa Kakamega alikuwa akimlipia mwandishi nauli ya kwenda kuchunguza wizi wa Nairobi. Ni ajabu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mitandao ya kijamii ilikuja ikautoboa mfuko ule. Facebook ilianza 2004, Twitter ambayo sasa huitwa X ikaanza 2006, WhatsApp 2009. Siku hizi kifo hutangazwa kwenye kikundi cha ukoo, ploti kwenye Facebook, na mwenye duka hulipa kampuni ya simu za watu huko Marekani ili tangazo lake liwafikie vijana wa Kitale peke yao. Bei ni nafuu na tangazo hufika. Simlaumu mwenye duka. Ila kampuni ile iliyopokea pesa zake haina mwandishi Endebess wala Kwanza, na haina haja naye. Kinachouzwa pale ni macho yetu. Programu zao hupanga mbele yetu kile kitakachotushika muda mrefu, na mimi na wewe twajua kinachoshika: kinachokasirisha, kinachotisha na kinachochekesha. Ripoti ya mhasibu mkuu wa serikali haichekeshi.

Mfuko wa msomaji nao si mzito. Pale mjini kuna muuza magazeti anayetandaza kando ya barabara, na kila asubuhi nikipita naona watu kumi wameinama wanasoma vichwa vya habari. Wakimaliza kubishana huondoka. Wengine humpa kitu kidogo wasome ndani halafu walirudishe likiwa limekunjwa vizuri kama jipya. Tangu mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, vyombo vya habari vya Nairobi vimepunguza wafanyakazi mara kadhaa. Mwandishi anayebaki mashinani mara nyingi hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Isipochapishwa halipwi. Ndipo ile bahasha ya mheshimiwa baada ya mkutano inapokuwa tamu, na habari ya kesho ikaanza na maneno "mheshimiwa alisifiwa".

Upo mfuko wa tatu, na ndio unaonitia hofu zaidi. Serikali ndiyo yenye matangazo mengi: zabuni, nafasi za kazi, notisi za kila namna. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mwezi wa Machi 2024 wizara inayohusika na habari iliagiza matangazo ya serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC peke yake. Ukiwa na runinga ya kibinafsi iliyokuwa ikitegemea pesa hizo, si umeelewa bila kuambiwa? Wala si lazima askari aje. Hata hivyo wakati mwingine mkono wenyewe huja. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima NTV, KTN News, Citizen na Inooro kwa sababu ya kutangaza moja kwa moja kile kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, na zikabaki gizani kwa siku kadhaa ingawa Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe. Tarehe 25 Juni 2025 mitambo ya NTV, KTN na K24 ilizimwa tena, siku ya maandamano, hadi mahakama iliposimamisha amri hiyo.

Mwenye kutaka kujua mwisho wa gazeti lisilo na mfuko wake na amsome Hilary Ng'weno. Huyu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Akaacha, akaanzisha jarida la Weekly Review mwaka wa 1975 na gazeti la Nairobi Times mwaka wa 1977. Walimu wetu wa umri mkubwa bado wanayataja kwa heshima. Lakini heshima hailipi mchapishaji. Nairobi Times lilishindwa kujikimu, na mwaka wa 1983 chama cha KANU kikalinunua, kikaliita Kenya Times. Gazeti la mwandishi huru likawa la chama kilichokuwa kikitawala. KANU ilipotoka mamlakani 2002 gazeti halikuwa na wa kulishika mkono, na mwaka wa 2010 likafungwa. Weekly Review lenyewe lilikoma 1999. Nimefikiri sana juu ya hadithi hii. Kipaji kilikuwapo, wasomaji walikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya kulipa bila kupiga magoti.

Msinielewe kwamba nayatetea magazeti na runinga kwa kila jambo. La hasha! Mnamo Agosti 2022, tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000 ili kila mtu ajihesabie. Runinga zilianza kuhesabu, kila moja ikawa na nambari zake, tukakesha nyumbani tukibadilisha stesheni. Halafu hesabu zikasita kabla ya kufika mwisho, na hatukupewa maelezo ya kutosha. Chombo kinachowauliza wengine maswali kilipaswa kujibu na letu. Nayo mitandao ina sifa zake. Mnamo Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za mama kwenye TikTok na X, mpaka hata nyanya sokoni akajua ushuru upi unamjia. Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 mwezi huo. Magazeti hayakuifanya kazi hiyo kwa namna ile.

Lakini angalieni kilichofuata. Siku moja kabla, tarehe 25, watu walipigwa risasi nje ya Bunge. Picha zilijaa simuni, na pamoja nazo uongo mwingi. Mnamo Aprili 2025 BBC ilitoa filamu iliyochambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na watu waliokuwa pale, ili kuonyesha waliofyatua. Raia waliziokota picha, lakini kuzipanga kwa dakika, kulinganisha sare na majengo, na kuwa tayari kuulizwa, hiyo ilihitaji chumba chenye watu wanaolipwa. Simu na taasisi si mke mwenza na mke mwenza. Simu huona kwa haraka, na taasisi ndiyo hurudi nyuma ikathibitisha. Na kwa kuwa hata jina la taasisi huibwa, ifahamike kwamba Julai 2017, kabla ya uchaguzi wetu, video bandia zenye sura ya BBC na CNN zilisambazwa, na mashirika hayo yakalazimika kuzikana.

Basi kuna njia gani ya kulipa bila kupiga magoti? Wenzetu wamejaribu. Kule Uingereza wenye gazeti la Manchester Guardian walilitoa mikononi mwa familia mwaka wa 1936, likamilikiwa na amana iitwayo Scott Trust, ili asipatikane mtu mmoja wa kuliuza au kuliamrisha. Lipo hadi leo kwa jina la Guardian. Kanada walitunga sheria 2023 ya kuzilazimisha kampuni za mitandao zilipie habari. Kampuni ya Meta ikajibu kwa kuziondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Kumbe ukimtegemea tajiri akulipe, naye anaweza kufunga mlango.

Njia inayonivutia mimi ni ya Afrika Kusini. Gazeti la mtandaoni la Daily Maverick, lililoanza 2009, lilikuwa miongoni mwa yaliyofichua 2017 barua pepe za familia ya Gupta na uhusiano wao na watawala. Mwaka uliofuata likaanzisha uanachama: msomaji hulipa anachoweza kila mwezi, na asiyeweza husoma bure vilevile. Analipa ili habari iwepo, si ili aifungie kabatini. Na mnamo Aprili 2020 kule kule likaanza gazeti la The Continent, ambalo hutumwa kwa WhatsApp, kurasa zote zikiwa zimepangwa na kuhaririwa, na msomaji humtumia mwenzake. Yaani wamepita katika njia ile ile ya uvumi, lakini wamepita wakiwa na jina, anwani na mhariri.

Je, hapa kwetu haiwezekani? Watu husema Wakenya hawalipii habari. Sikubali. Wakenya wamelipa harambee za madarasa, na tangu M-Pesa ianze 2007 tunachangia bili za hospitali za watu tusiowajua. Tufanye hesabu ya darasa la pili tu. Nyumba 2,000 katika kaunti hii zikitoa shilingi 50 kwa mwezi, hizo ni shilingi 100,000. Hazijengi jumba, lakini zinaweza kumweka mwandishi mmoja au wawili katika bunge la kaunti na katika bohari za mbolea, waandike na kutuma kwa simu. Hakuna nyumba hata moja yenye nguvu ya kuwanyamazisha kwa kuondoa hamsini yake. Hapo ndipo uzuri wa pesa ndogo za watu wengi.

Babu nilipomweleza hesabu hii alicheka. Akasema harambee amezijua tangu ujana wake, na aliyeziona zikiliwa ni yeye. Nani ataishika hiyo laki? Swali lake ni la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba gazeti la namna hiyo lianze kwa kuchapisha hesabu zake lenyewe kila mwezi: nani ametoa zaidi ya kiasi fulani, mwandishi amelipwa ngapi, tangazo gani limekataliwa na kwa nini. Likikosea lisahihishe pale pale lilipokosea, si kwa herufi za siafu ukurasa wa mwisho. Babu alisema akiona karatasi ya namna hiyo atatoa hamsini yake. Ila alitaka kwanza aione ya mwezi wa kwanza.

Sisi katika chama tumeanza na kidogo tulicho nacho. Gazeti letu la ukutani, lililo karibu na chumba cha walimu, lina kanuni tatu alizotuwekea mwalimu mlezi. Kila habari iwe na jina la mwandishi na kidato chake. Anayetajwa kwa ubaya aulizwe kabla ya kubandikwa. Na sahihisho libandikwe mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule, kwa siku zile zile. Kanuni ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana kumwuliza mtu wa kidato cha nne kuhusu sahani za chakula zilizopotea kunahitaji moyo. Muhula wa pili kamati ilikubaliana pia jarida hili lichapishe hesabu zake. Mtazikuta ndani ya jalada la nyuma: kiasi kilichotoka kwa wanafunzi, kiasi cha duka la vitabu lililolipia tangazo, na deni tunalodaiwa na mwenye mashine ya kupiga chapa. Mwenye duka aliomba aonyeshwe makala kabla hayajachapishwa. Kamati ilimwandikia barua kwa adabu, ikamweleza kwamba ukurasa alioulipia ni mmoja tu.